Paka Wawili na Nyumba Iliyofungwa

Kalemie, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Kwa mudogo wangu Bibiane,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari yako, habari ya watoto, na miguu yako inaendeleaje? Anatole ameniambia vidonda vimekauka lakini bado unachechemea ukitoka sokoni. Usibebe gunia la muhogo peke yako, una watoto wakubwa. Mimi huku nashukuru, nakula, nalala, mashine yangu ya kushona inaenda. Masikio tu njo yanazidi kufunga. Ukinipigia simu nasikia kama muntu anayesema ndani ya pipa, kwa hiyo tuendelee na barua. Binamu yetu Anatole hachoki kuzibeba. Anasema treni yake inakwenda polepole hivi kwamba angeweza kuzisoma zote na kuzijibu kabla ya kufika Kabalo.

Ziwa limepanda tena mwaka huu. Watu waliokuwa wanakaa kando ya maji wamepanda huku kwetu mulimani na vitanda vyao, na panya wamepanda pamoja nao. Mwezi wa tatu walitafuna vitambaa vya sare za shule nilivyoletewa na masista, bluu yote, nikalia kama mutoto. Ndipo mwanamuke mumoja wa bandarini akanipa paka wawili wa tumbo moja. Dume ni mweusi kabisa, nikamuita Kaniki. Jike ni mweupe, nikamuita Popelini. Muntu akishona miaka arobaini hana majina mengine kichwani. Tangu waingie sijaona hata kinyesi cha panya.

Shida iko nje. Watu wanatega panya kwa sumu, na paka akila panya wa sumu anakufa naye. Tena kuna vijana wanaotega paka wenyewe, kwa ajili ya nyama ya kuteremushia pombe. Wiki iliyopita Kaniki alirudi na waya shingoni, umeingia ndani ya ngozi. Nilimubana katikati ya magoti nikaukata kwa makasi ya kazi, akaniuma kidole mpaka mufupa. Tangu siku ile nimesema basi. Madirisha nimeyapigilia wavu wa chuma, mulango naufungua kwa kuingia na kutoka tu. Nimewawekea karai la muchanga kwenye kona. Muchana kutwa wanakaa dirishani wanatazama ndege.

Jirani yangu Mireille, muke wa Guelord mwenye pikipiki ya kubeba watu, ananicheka. Anasema nimeolewa tena, na bwana mupya ana mukia. Ana mutoto wa kiume, Willy, anayeanza kutembea kwa kushika ukuta. Kila asubuhi ananiachia achezee vipande vya vitambaa, yeye akienda kuchota maji. Mutoto huyo anaweka kila kipande kichwani, ananitazama nimusifu, kisha anachukua kingine.

Salimia wote. Evodie wako asome kwa bidii.

Yaya wako,
Louise


Kabalo, tarehe 2 mwezi wa saba 2024

Yaya wangu mupenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sote wazima. Miguu iko vile ulivyoambiwa, na gunia la muhogo silibebi tena, nasema tu kwamba silibebi. Evodie amefaulu, amejinunulia kalamu mupya kabla hata sijamupongeza. Wewe je, unakula kweli, au unakunywa chai na kurudi kwenye mashine?

Nimecheka juu ya paka, kisha nikaacha kucheka. Niruhusu niseme, ingawa wewe ni dada mukubwa na mimi ni mudogo. Yaya, wewe ni mujane. Hukujaliwa mutoto. Unakaa peke yako, na kwa sababu ya masikio yako muntu anakusalimu barabarani, unapita bila kujibu, naye anasema unamudharau. Sasa umeongeza paka mweusi, na umemufungia ndani. Paka anayezurura, kila muntu anamujua ni paka. Paka aliyefungwa, watu wanajiuliza anafungiwa nini.

Mupe Anatole amulete huku kwenye treni, mimi nitamupokea. Baki na yule mweupe. Panya hawachagui rangi.

Sikukatazi, nakuonya tu. Katika kanisa ninalosali siku hizi pasta anahubiri sana juu ya nyumba zenye wanyama wa usiku. Simwamini kwa yote, lakini nawaona watu wanavyosikiliza.

Mudogo wako,
Bibiane


Kalemie, tarehe 25 mwezi wa nane 2024

Bibiane,

Nakusalimu. Natumaini kwenu ni kwema. Kwangu siyo kwema.

Willy wa Mireille amekufa. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Walimukimbiza hospitali kwa pikipiki ya baba yake, Mireille nyuma, mutoto amefungwa kifuani, na walipofika alikuwa amekwisha. Mimi njo nilishona nguo yake ya mwisho. Nilitumia kitambaa cheupe nilichokuwa nimekitunza kwa miaka. Mushono haukunyooka, na hakuna aliyeutazama.

Kwenye matanga nilikaa mukekani na wanawake wengine. Siku ya kwanza walinisogezea nafasi. Siku ya kuzika yenyewe, ndugu wa Guelord walipokuwa wamefika kutoka Nyunzu, niliingia wakanyamaza. Labda hawakunyamaza, mimi ndiye sikusikia, lakini nyuso nilizisoma. Mireille alikuwa amegeukia ukuta. Mama mumoja akachukua sahani yake kando yangu, akaenda kukaa kwingine.

Baada ya siku chache Papa Blanchard, chefu wa avenyu yetu, mukubwa wa mutaa, alikuja kwangu. Ni muntu wa adabu. Alikaa, akasema kwa sauti kubwa ili nisikie, na ile sauti kubwa njo iliyoniaibisha, maana dirisha lilikuwa wazi na watu wanapita. Alisema tangu mutoto azikwe, watu wa parsele za jirani wanasikia mutoto analia usiku ndani ya nyumba yangu. Guelord amesikia. Mireille amesikia, akatoka, akasimama chini ya dirisha langu mpaka mume wake akaja kumurudisha. Anasema ni sauti ya Willy.

Nilimuambia, "Papa, humu ndani hakuna mutoto. Humu kuna kimya tu."

Akasema, "Mama Louise, kimya ni chako wewe. Sisi wengine hatuna."

Alipokwenda nilikaa nikawatazama paka. Popelini alikuwa amelala. Kaniki alikuwa amesimama dirishani, amefungua kinywa, mbavu zinaingia na kutoka. Nikamusogelea, nikaweka mukono juu ya mugongo wake. Mwili wote ulikuwa unatetemeka. Bibiane, alikuwa analia. Wiki zote hizi nimekuwa nikimuona hivyo, nikafikiri anapiga miayo.

Nilimufuata Papa Blanchard nikamueleza. Alisema ameelewa, ila hajui nani mwingine ataelewa. Nikiwaachia paka, watategwa au watakula sumu, na siku hizi muntu akimuona Kaniki kwenye paa lake atasema nimemutuma. Nikiendelea kuwafunga, wanalia, na mimi siwezi hata kujua wanalia saa ngapi. Muntu atanyamazishaje kitu asichokisikia?

Niandikie upesi. Sina muntu mwingine wa kuuliza.

Yaya wako,
Louise


Kabalo, tarehe 12 mwezi wa tisa 2024

Yaya,

Salamu. Tuko wazima. Nimelia kwa ajili ya yule mutoto na kwa ajili ya mama yake.

Usinikasirikie kwa haya nitakayoandika. Barua yako nimemuonyesha pasta. Alikaa nayo, akasali, kisha akaniambia muntu anaweza kubeba kitu bila yeye mwenyewe kujua, kitu kikapitia kwa munyama. Anasema uje huku, ukae kanisani ufunge na kuombewa, na hao paka wachomwe moto.

Nakuuliza mara moja tu, na jibu lako nitaliamini. Hakuna kitu ulichopokea kwa muntu? Yule mwanamuke wa bandarini aliyekupa paka, ulikuwa unamujua? Mutoto alikuwa anashinda kwako kila asubuhi, Yaya. Ndivyo watakavyosema, na afadhali uulizwe na mimi.

Mudogo wako,
Bibiane


Kabalo, tarehe 20 mwezi wa kumi 2024

Yaya Louise,

Nakusalimu. Kama huitaki salamu yangu, iweke kando, usome tu yanayofuata.

Kila treni inapofika nimekuwa stesheni kabla haijasimama. Anatole amenieleza. Alisema barua yangu uliisoma umesimama palepale mbele ya behewa, ukaikunja, ukamuuliza kama watoto wangu wana afya, ukaenda zako. Akakuuliza jibu. Ukamuambia hakuna jibu.

Sasa nikueleze kilichonipata. Nilikwenda kununua mahindi kwenye depo moja nyuma ya stesheni. Ilikuwa muchana, watu wamejaa. Ndani ya chumba kilichofungwa mutoto muchanga akaanza kulia. Wanawake wote tuligeuka. Mumoja aliyekuwa ananyonyesha, maziwa yakamutoka, yakalowesha blauzi yake. Tulipiga kelele mpaka mwenye depo akaleta ufunguo, huku tunamutukana kwamba amefungia mutoto wa watu. Mulango ulipofunguka akatoka paka. Paka tu, wa madoa, amekonda. Wengine walicheka. Mimi nilikaa chini juu ya gunia. Nilikuwa nimesikia mutoto, kwa masikio mawili yasiyo na ugonjwa, na ningeapa mbele ya padri yeyote.

Nilikwenda kumueleza pasta. Akasema ni jaribu la kunipoteza. Jumapili iliyofuata sikwenda, na nyingine sikwenda.

Yaya, ulinieleza wazi kwamba ni paka. Ulinieleza mpaka ulivyoweka mukono juu ya mugongo wake. Mimi nilipita juu ya maneno hayo kana kwamba hayakuandikwa.

Sasa sikiliza jambo la kazi. Mwaka huu vifaranga vyangu vimepona mwewe, kwa sababu nimevizungushia nyavu kuukuu za wavuvi wa Lualaba, mpaka juu. Wavu unaomuzuia mwewe kuingia utamuzuia paka kutoka. Jenga uwanja wa nyavu chini ya dirisha lako, paka watoke wapate jua na upepo bila kufika kwa muntu. Na uujenge mbele, upande wa barabara. Nyuma watasema unaficha. Mbele kila anayepita atawaona muchana kweupe, na wakilia, watu waone kinywa kinachotoa ile sauti.

Anatole anakuletea fungu la mianzi na waya wa kufungia. Nyavu utapata huko huko, wavuvi wa ndagala, wale dagaa wadogo, wanazitupa zikichanika. Hutahitaji kununua kitu.

Unisamehe au usinisamehe, lakini jenga.

Mudogo wako,
Bibiane


Kalemie, tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 2024

Bibiane,

Mianzi imefika. Nasalimu watoto.

Juu ya barua yako ya mwezi wa tisa nitasema neno moja, nisirudi tena. Mimi nilikubeba mugongoni mama alipokuwa hospitali, ukaninyea, nikakuogesha. Muntu kama huyo haulizwi swali lile.

Nilijenga. Nilishuka kando ya maji kwa wavuvi, wakanipa wavu wa ndagala uliochoka. Ni mwembamba mno. Kaniki aliupasua kwa kucha asubuhi ya kwanza, nikamuwahi shingoni. Nikarudi kuomba ule wa samaki wakubwa, wenye nyuzi nene, nikaushona juu ya ule mwembamba kwa sindano ya magunia. Mianzi nimeifukia. Chini kuzunguka nimepanga matofali ya nyumba iliyobomolewa na maji, wasichimbe. Juu nimeezeka nusu kwa bati la zamani wapate kivuli, nusu nimeacha wavu mutupu. Wavu wa chuma wa dirishani nimeukata tundu, nikatoboa vikapu vitatu matako, nikaviunganisha kimoja na kingine, vikawa kama mukono wa koti. Paka anapita humo mpaka uwanjani.

Popelini alitoka siku ileile, akajilaza tumbo juu. Kaniki alikaa ndani ya kikapu, unaona macho tu. Alipotoka alitafuna majani, akatapika, akaota jua mpaka jioni. Kabla ya kuzima taa naweka mukono juu yake, na siku hizo hakutetemeka. Amechoka na jua, analala kama muntu aliyelima.

Watoto wa shule walisimama kutazama. Wakubwa walipita upesi, kisha wakapita polepole. Papa Blanchard alileta kiti chake akakaa karibu na nyavu akisoma gazeti la zamani, ili watu waone kwamba chefu haogopi. Hata yule mama wa sahani nilimuona akimuambia mwenzake kitu huku amemuonyesha Kaniki kidole, na Kaniki amefungua kinywa. Nilianza kupumua.

Mireille hakusimama. Alivuka barabara kila alipofika kwangu, amefunika kichwa.

Jana Guelord alikuja. Hakuwa amekunywa. Afadhali angekuwa amekunywa. Alisimama mbele ya nyavu akisema, nami sikumusikia. Nikamuambia, "Guelord, geuka nikuone midomo."

Akageuka. Akasema polepole, kila neno peke yake, "Mutoto wangu yuko chini ya udongo. Paka wako wanaota jua."

Kisha alishika muanzi wa kwanza akaung'oa, akashika wa pili. Wavu ukaanguka wote upande mumoja. Popelini alirudi ndani kwa vikapu. Kaniki alipita katikati ya miguu ya watu akaingia barabarani. Watu walikuwa wengi, na hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa mulangoni na makasi mukononi, nilikuwa nakata kola. Niliona wanachotazama ni makasi. Nikayaweka chini taratibu.

Kaniki hajarudi. Nyavu zimelala pale chini, na mimi sina nguvu ya kuziokota.

Louise


Kabalo, tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 2024

Yaya,

Salamu zangu ni hizi: njoo.

Njoo kwangu, siyo kwa pasta wala kwa kanisa. Leta mashine, leta Popelini, vitu vingine waachie. Evodie amekwisha kuhamisha kitanda chake, atalala na mimi. Sitaki kukutisha, lakini katika kijiji kimoja kwenye reli yetu wamemufukuza mwanamuke muzee mwezi uliopita na nyumba yake wameichoma, na yule hakuwa hata na paka. Alikuwa amezeeka tu.

Kusema jenga ni rahisi kwa aliye mbali. Nilikuweka mbele ya watu na mimi nikiwa huku. Kama huji, mimi nakuja, hata kama ni kusimama tu kwenye ule mulango.

Umeandika jina lako peke yake mwishoni, bila neno Yaya. Nimeliona. Ninastahili.

Mudogo wako, ukikubali au ukikataa,
Bibiane


Kalemie, tarehe 5 mwezi wa kwanza 2025

Mudogo wangu Bibiane,

Heri ya mwaka mupya, wewe na nyumba yako yote. Nimepokea barua yako na samaki mukavu wa Lualaba, nikala na ugali mpaka nikaona aibu peke yangu. Miguu yako, uioshe na maji ya chumvi, usingoje vidonda virudi. Mimi ni muzima. Usishangae kwamba nimechelewa, nilitaka kwanza mambo yatulie ndani yangu.

Mashine nilikuwa nimekwisha kuifunga kwa mablanketi. Nilikuwa namungoja Anatole nije kwako. Popelini nilikuwa nimemutengenezea kikapu chenye mufuniko.

Jumamosi moja kabla ya Noeli nilikuwa nje naosha sufuria. Nikamuona Mireille anatoka kwenye jiko lake la mabati. Alikuwa amebeba kitu kifuani ndani ya kitenge, namna anavyobebwa mutoto, mukono mumoja chini, mwingine kichwani. Wanawake wa foleni ya maji walimuona, wakaacha ndoo zao. Hakuwa na viatu. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, na kitenge kilipofunuka kidogo nikaona sikio jeusi.

Niliwaingiza, nikafunga mulango. Alimuweka Kaniki juu ya meza ya kukatia nguo. Alikuwa mifupa, muguu wa nyuma umevimba, macho yana tongo. Nikamupa maziwa kwa kidole. Mireille alikaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kusema huku ameinama, nikamuomba anielekee kwenye mwanga.

Akaniambia alikuwa anawasha moto asubuhi ile na akamusikia Willy analia nyuma ya magunia ya makaa. Hakushituka. Alijua yuko pale. Alivuta magunia yote, makaa yakamwagika, akapiga magoti, na nyuma akaona macho mawili. Akasema hata hapo hakuamini. Alibaki amepiga magoti anamutazama. Kisha paka akafungua kinywa mbele ya uso wake, na ile sauti ikatoka humo.

Mimi, Bibiane, nilisikia furaha. Nakuambia ukweli. Nilimushika mikono nikasema, "Mwanangu, sasa umejua. Haikuwa mimi."

Alinitazama kama muntu anayetazama mutoto asiyeelewa. Akasema, "Mama Louise, nilikuchukia. Lakini kila usiku nilikuwa namusikia. Nilikuwa najiambia yuko kwa Mama Louise, amemuficha, siku moja atachoka atamutoa. Sasa simusikii tena."

Miezi yote hiyo nimetaka kitu kimoja tu, watu waamini ni paka. Sikuwaza hata mara moja kwamba siku mama huyu atakapoamini, siku hiyo njo atakapomuzika mutoto wake. Alilia hapo kwenye kiti cha wateja. Mimi sikumusikia, nilimushika tu mabega nikahisi kilio kinavyopanda na kushuka, kama nilivyowahi kukihisi kwa paka. Tulikaa hivyo mpaka masista wakaja kuchukua sare, wakatuona dirishani, wakarudi bila kuingia.

Mashine nimeifungua tena. Usikasirike. Nimewaza sana juu ya kitanda cha Evodie. Lakini nikiondoka sasa, watu watasema nimekimbia, na Mireille atabaki peke yake katikati ya wanaomuambia kwamba alisikia vizuri. Wapo. Usifikiri mambo yamekwisha. Juzi penye bomba mwanamuke alimwaga ndoo nzima kwa sababu niliisogeza na muguu. Ndugu wa Guelord wa Nyunzu wametuma neno kwamba paka yule aliwekwa pale jikoni makusudi. Guelord mwenyewe amekwisha kuelezwa na muke wake. Hanisalimu. Anapita na pikipiki ametazama mbele, ila mianzi hakuigusa tena nilipoisimamisha. Papa Blanchard anasema nisitake zaidi ya hapo kwa mwaka huu, na mimi sitaki.

Nyavu nimezishona upya, safari hii tabaka tatu upande wa barabara. Muguu wa Kaniki umepona ukiwa umepinda, hawezi tena kuruka mpaka dirishani, nimemuwekea matofali ya kupandia. Usiku nawaingiza wote wawili. Sijui kama analia tena. Hilo njo nataka uje uniambie. Njoo Pasaka, ulale chumba changu, usikilize kwa niaba yangu. Uniambie sauti hiyo ikoje hasa, maana watu wote wa avenyu hii wanaijua isipokuwa mimi ninayeifuga. Na ukija hatutazungumza juu ya mwezi wa tisa. Nimeiweka ile barua jikoni, nimewashia moto.

Mireille anakuja kila alasiri akimaliza kazi zake. Hajawahi kuingia ndani tangu siku ile. Anakaa kwenye tofali nje ya nyavu, anapitisha kidole, Kaniki anakuja na muguu wake uliopinda anasugulia kichwa hapo. Anasema naye kwa muda murefu. Mimi niko kwenye mashine, dirisha liko wazi, uso wake uko kwenye mwanga, na toka pale nilipo ningeweza kusoma midomo yake yote. Nainamisha kichwa, nashona.

Yaya wako,
Louise